Kikundi Kimoja na Mkwe

Nafasi ya kusema niliipata siku ya kwanza kabisa, nikaiacha ipite. Mkufunzi alikuwa amewasha kamera yake anasoma vikundi vya kazi za pamoja, sisi wengine tumezima za kwetu ili bando lisiishe kabla ya kipindi. Akasoma jina langu, akasoma la kijana mmoja wa Karema kule ziwani na la dada mmoja wa Shanwe, halafu akasoma jina la mama mzazi wa mke wangu. Akauliza kama kuna mwenye shida na kikundi chake. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu Kawajense, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, kidole kiko juu ya kile kitufe cha kufungulia sauti. Kidole kikakaa palepale mpaka mkufunzi aliposema tuendelee.

Tulikuwa walimu wenye cheti tunaosomea stashahada. Wakati wa muhula tulisoma mtandaoni, kila mtu nyumbani kwake baada ya kazi. Shule zikifungwa tunakutana ana kwa ana katika chuo kimoja hapa Mpanda mjini. Mimi nafundisha darasa la tatu. Mama mkwe anafundisha awali, wale watoto wa kufutwa kamasi na kufungwa vifungo. Kwamba naye amejiandikisha nilikuwa najua. Mke wangu aliniambia huku akicheka, akasema jihadhari usije ukapitwa na mama. Nikamjibu kwamba wanafunzi tuko wengi, hata kuonana hatutaonana. Nilisema kwa uhakika kabisa, utadhani vikundi nilikuwa nimevipanga mwenyewe.

Yupo msomaji atakayeuliza shida iko wapi. Sisi ni Wasukuma, wazee wetu walihamia huku na ng'ombe, na mambo ya ukweni walikuja nayo pia. Nyumbani kwetu mama mkwe humsogelei. Ukimwona anakuja, unampisha na kuangalia kwingine mpaka apite, naye anajifunika khanga na kupita upande wake. Huli mbele yake, naye hali mbele yako. Jina lake halitoki mdomoni mwako, wala la kwako mdomoni mwake. Akija kwangu kuwaona wajukuu, mke wangu ananiambia mapema, natoka kwa mlango wa uani naenda kukaa kijiweni mpaka aondoke. Salamu zinabebwa na watoto. Tangu nimeoa, sauti yake nilikuwa naisikia kwa mbali tu, nyuma ya ukuta, kama redio ya jirani. Wapo wa rika langu walioachana na mambo haya, wanakaa na wakwe zao sebuleni wanaangalia tamthilia. Siwahukumu. Mimi nikiona tu kandambili zake mlangoni, narudi nilikotoka.

Basi kwa nini sikusema? Kwa sababu darasa lile lilikuwa na walimu kutoka kila kona, wengine wa mjini hasa, na mimi ofisini kwetu ndiye ninayejulikana kwa kuponda mila. Ni mimi niliyesimama kwenye kikao cha wazazi nikawaambia waachane na mambo ya kizamani, nikapigiwa makofi. Leo nifungue sauti mbele ya watu wote wale niseme mkufunzi, naomba unihamishe, yule ni mkwe wangu na siwezi kukaa naye? Nilimwona kila mmoja wao akitabasamu nyuma ya kamera iliyozimwa. Nikajidanganya kwamba ni mtandaoni tu, nani atamwona nani.

Na mtandaoni mambo yakaenda kweli. Kikao chetu cha kwanza kilikuwa jioni. Yule dada wa Shanwe, ambaye tulimchagua kuwa katibu kwa sababu alikuwa ameshaanza kutuamrisha kabla ya uchaguzi, alituita mmoja mmoja kuona kama tupo. Kijana wa Karema akaitika, nyuma yake injini ya boti inaunguruma. Mimi nikaitika. Halafu ikaja sauti ikisema habari za jioni wanakikundi, nami nikakaa wima kwenye kochi kama nimeitwa na mkuu wa shule. Lakini hakunisalimia mimi, alikisalimia kikundi. Wenzangu wakasema shikamoo mama, nikajichanganya humohumo katikati ya sauti zao na kuamkia pamoja nao. Nikaelewa namna ya kuishi mle ndani. Nikiwa na neno la kumwambia, nalisema kwa kikundi. Akiwa na neno kwangu, anamwambia katibu.

Nilikuwa sijui kwamba ana maneno. Kazi yetu ilikuwa kuandaa somo la mfano kwa watoto wa awali, na uandishi wa andalio la somo ukaniangukia mimi. Nikaandika kama ninavyoandikia darasa la tatu, maelezo juu ya maelezo. Nilipolituma kwenye kundi la wasap, mama mkwe akaleta ujumbe wa sauti. "Katibu, mwambie mwandishi wetu kwamba mtoto wa miaka mitano hasikilizi maelezo marefu hivyo. Akifika hapo kwenye hatua ya pili, nusu ya darasa watakuwa wamelala na nusu wamejikojolea." Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka spika za masikioni zikadondoka. Mke wangu akatokea jikoni na mwiko mkononi, akauliza nacheka na nani.

"Na mama yako," nikamwambia.

Akasimama pale pale akinitazama. Kisha akarudi jikoni, nikamsikia naye anacheka na masufuria yake. Tangu siku hiyo ikawa kila tukimaliza kikao anataka kujua mama kasema nini leo. Namsimulia. Nitasema wazi kwamba ilikuwa furaha. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na sikuwahi kuwa na mtu mzima wa kunitania kwa kazi yangu, tena kwa haki. Nilianza kuvisubiri vile vikao. Nikirudi shuleni, kabla sijavua hata viatu, naangalia chaji ya simu.

Mada yetu ilikuwa viungo vya mwili. Tukakubaliana kutunga wimbo mfupi ambao mwalimu atauimba huku watoto wakigusa kichwa, mabega, tumbo, magoti. Kijana wa Karema akatoa sauti ya wimbo, katibu akapanga maneno, na mama mkwe akasema tuongeze kiuno, maana watoto wake wakifika kwenye kiuno wanakikata na kufurahi na hawasahau tena. Tukacheka wote. Nami, msomi wa watu, nikaandika kwenye andalio kwa mkono wangu mwenyewe kwamba katika hatua ya pili mwalimu atawaongoza wanafunzi kuimba, kugusa kila kiungo na kutikisa kiuno. Niliyaona ni maneno tu. Haikunipitia akilini kwamba chuoni maneno hayo yatapewa watu wenye miili wayafanye, na kwamba watu wenyewe ni sisi.

Mwisho wa sehemu ile ya mtandaoni tukatathminiana. Kila mwanakikundi aliwapa wenzake alama, moja hadi kumi, kimyakimya kwenye simu yake. Unaona wastani wako, huoni nani kakupa nini. Mama mkwe nilimpa kumi bila hata moyo kudunda. Mimi nilipata tisa, na mkufunzi akakisifu kikundi chetu mbele ya darasa zima kwa ushirikiano. Nilimwonyesha mke wangu ile tisa kama mtoto anayeonyesha daftari. Mkuu wangu wa shule, ambaye alinisubiri nimalize moduli ile ili anipe utaaluma, yaani usimamizi wa masomo shuleni, nilimwonyesha pia.

Shule zikafungwa, tukaitwa chuoni.

Nilifika nimenyoa, nimepiga pasi. Darasani meza zimeunganishwa nne nne, na kwenye meza zetu yeye alikuwa ameshakaa. Alikuwa amekaa upande, uso dirishani, khanga kichwani imeshuka mpaka mashavuni. Hata kama nisingemjua, ningejua ni mkwe wa mtu. Miguu ikagoma mlangoni. Kijana wa Karema akaniona, akaja mbio kunishika mkono, akanikumbatia kama ndugu, mara ya kwanza kuonana. Nikavuta kiti, nikakiweka karibu na kikundi cha jirani na kugeuza mgongo kwa wenzangu.

"Ticha, geuka basi," katibu akasema. "Tunakuona mgongo tu."

Nikamwambia shingo inaniuma, nikikaa hivi nasikia vizuri zaidi.

Ndivyo nilivyoanza. Siku zilizofuata sikukaa. Kalamu za makapeni zikiisha, nakimbia mimi. Karatasi za manila zikihitajika, nakimbia mimi. Kopi zikitakiwa, nimeshafika nje. Wakiwa hawana shida ya kitu chochote, nauliza kama kuna anayetaka maji ya baridi. Kijana wa Karema alituletea samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga kutoka kwao, akaitandaza mezani saa ya chakula tule pamoja kama kikundi, na mimi nikaenda kula wali maharage kwa mama ntilie nje ya geti nikisingizia kwamba nina mgeni. Nilirudi mapema kidogo, nikachungulia. Mama mkwe alikuwa amegeukia ukutani na sahani yake, anakula haraka haraka ili nikitokea nisimkute anatafuna. Nikarudi nje nikasubiri. Kwa hiyo nilijua. Nilijua kwamba mzigo ule anaubeba na yeye, na kwamba mimi kila nikikimbia ninamwachia na upande wangu.

Lakini yeye alibaki kwenye mduara. Aliongea akiangalia ukuta, ila aliongea. Walipobishana kuhusu zana, yeye ndiye aliyeamua. Mimi, ambaye mtandaoni nilikuwa siishiwi maneno, nikawa bubu. Katibu akaanza kuniangalia kwa jicho jingine, na sikumlaumu. Nilimsikia akimwambia mwenzake wa kikundi cha jirani kwamba mtandaoni nilikuwa mdomo, hapa nimekuwa miguu. Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa na ukweli, na hasira zikanipanda kwa sababu hiyo hiyo. Kijana wa Karema alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama nina shida nyumbani. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi tu. Yule mama ni mkwe wangu. Kwao ziwani mambo haya wanayaonaje sijui, lakini yeye angenielewa. Nikamjibu kwamba niko poa.

Siku ya somo la mfano darasa zima likakaa nyuma kutazama. Utaratibu ulikuwa kwamba kikundi kinakuja mbele, mmoja anafundisha, wengine wanakaa kwenye vile viti vidogo vya awali na kuwa wanafunzi wake. Nani afundishe, mkufunzi anapiga kura. Kura ikaniangukia mimi.

Nilichukua andalio langu na kutembea mpaka ubaoni. Nikageuka. Kiti cha mbele kabisa, magoti yamekaribia kidevu kwa udogo wa kile kiti, alikuwa amekaa mama wa mke wangu. Khanga alikuwa ameishusha kichwani na kuifunga kiunoni kama mtu aliyejiandaa kwa kazi. Macho chini, mikono mapajani, anasubiri. Nikatazama andalio kutafuta pa kuanzia, macho yakaenda yenyewe kwenye hatua ya pili, kwa mwandiko wangu. Mwalimu atawaongoza wanafunzi.

Neno la kwanza lilitakiwa kuwa habari za asubuhi watoto. Nilifungua mdomo. Habari za asubuhi ilitoka. Lile la watoto halikutoka. Nilitazama sakafu, nikatazama dari, jasho likanitoka mpaka chaki ikalowa mkononi. Watu wakadhani nimesahau, mmoja nyuma akanikumbusha kwa kunong'ona, watoto, watoto. Nikamwinamia kijana wa Karema, nikamwambia tumbo, nikaweka chaki mezani na kutoka.

Nilikwenda kujificha nyuma ya tangi la maji, chini ya dirisha la darasa lile lile, na hapo nilisikia kila kitu. Mkufunzi akauliza sasa inakuwaje. Kisha ile sauti niliyokuwa naisubiri jioni zote zile ikasema, "Nitafundisha mimi." Akafundisha. Aliwaita watoto, wakaitika. Aliwaimbisha wimbo wetu kichwa mpaka magoti, na walipofika kwenye kiuno darasa zima likanyanyuka, viti vinaburuzwa, watu wazima wanacheka kwa sauti na kupiga makofi. Lilikuwa somo zuri sana. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye tope la bomba linalovuja, suruali ya pasi, masikio yanawaka. Nilitamani ardhi inimeze, na nilijua hakuna aliyenipeleka pale ila mimi.

Mchana ilikuwa tathmini. Safari hii haikuwa kimya. Mkufunzi aliamini kwamba watu wakikaa uso kwa uso waseme uso kwa uso, kwa hiyo kila mwanakikundi alisimama, akamtaja mwenzake, akasema alama na sababu. Ukipata wastani chini ya tano, unarudia moduli nzima na wanaokuja nyuma yako. Nilirudi nikakaa mwisho wa benchi.

Katibu alinipa mbili. Alisema ya kwanza ni ya andalio, ya pili ni ya manila. Watu wakacheka kidogo. Kijana wa Karema alisimama, akakuna kichwa, akasema yeye ananipa sita, kwa sababu kama ni kukimbia nimekimbia kuliko mtu yeyote chuoni, na hapo wakacheka sana, naye akanitazama kwa kuniomba radhi. Nilipiga hesabu upesi kama kila mtu mle ndani. Nilihitaji saba kutoka kwa mama mkwe.

Akasimama. Aliangalia ukuta.

"Mtaje mwenzako, mama," mkufunzi akamwambia.

"Simtaji," akasema. "Huyo ni mume wa mwanangu."

Mguno ukapita darasani. Nyuma kule Wasukuma wenzangu wakaitikia kwa sauti moja ya chini, kama watu waliopewa jibu la swali lililowasumbua wiki nzima. Katibu akaziba mdomo kwa mkono. Mkufunzi akatutazama mimi na yeye kwa zamu, akauliza mbona hatukusema tangu mwanzo, angebadilisha vikundi siku ile ile, ni jambo dogo. Nilikuwa nahesabu misumari kwenye benchi. Kile nilichokihofia muhula mzima, kwamba watacheka, hakikutokea. Hakuna aliyecheka hata kidogo.

"Basi sema alama tu, mama."

"Nne."

Mkufunzi akaomba sababu. Mama mkwe akavuta khanga, akaiweka sawa, akasema polepole, bado anaongea na ukuta. "Mtandaoni alifanya kazi, nilimpa kumi na sijutii. Hapa alikuwa anaondoka kwa ajili yangu. Najua, na sikatai, ndivyo tulivyolelewa. Lakini mimi na yeye haya yetu ni moja. Na mimi ni mkwe wake. Mimi nilikaa kwenye kile kiti."

Akakaa.

Mkufunzi alikuwa mtu mwema. Alisema kwa kuwa sasa sababu imejulikana, wanakikundi wanaruhusiwa kubadilisha alama kabla hajazipeleka. Katibu akanyanyuka haraka, machozi yanamlenga, akasema hakujua, kama mama ataongeza na yeye anaongeza. Kijana wa Karema akasema vilevile. Wote wakamgeukia mama mkwe. Nikamwona akishika ncha ya khanga, akiikunja na kuikunjua. Angeongeza. Mbele ya watu wale wote, kwa kuombwa, kwa ajili ya mume wa mwanae, angeongeza, na ingekuwa ni mara nyingine tena yeye kubeba na mimi kupita.

"Mama, usiongeze," nikasema.

Nilimwambia yeye. Si kikundi wala katibu. Nilikuwa nimesimama na nilikuwa namtazama usoni, na kwa sababu sauti yangu ilimshtua, naye akageuka kutoka ukutani akanitazama. Ana macho ya mke wangu. Sikuwahi kujua. Kisha akanyanyua khanga akaziba uso, na mimi ndiyo nikazinduka kwamba nimemkazia macho mkwe wangu hadharani. Siku zote zile nilikimbia nilipotakiwa kukaa, na niliposimama hatimaye, nilisimama vibaya. Mpaka leo sina hakika kama ule ulikuwa ujasiri, au nilitafuta tu njia ya haraka ya kutoka mle ndani.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshapigiwa simu na mama yake. Aliweka chakula, hakuondoka, akakaa mbele yangu. Alisema mama kaumia kuitoa ile nne. Nikamwambia alama ni ya haki. Akasema mama hajakasirika kwa kutazamwa, nisiwe na wasiwasi, ameambiwa anifikishie hilo. Halafu akawa anazungusha kifuniko cha hotipoti.

"Anasema alisubiri wewe useme. Angesema yeye, watu wangeona mkwe wake ana kasoro. Halafu anasema baadaye aliacha kusubiri. Alikuwa anavipenda vile vikao."

Nilishindwa kuendelea kula. Ile nne nilikuwa nimeshaizoea. Hili lilikuwa jingine. Muhula mzima nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa naangalia chaji ya simu.

Utaaluma akapewa mwingine. Moduli nikairudia na walimu nisiowajua, watu wazuri tu, nikakaa kwenye mduara tangu asubuhi ya kwanza, nikapata alama za kutosha, wala hakuna la kusimulia. Mama mkwe alisonga mbele, ana kikundi kipya na katibu mwingine wa kumtuma. Lile kundi letu la wasap lilivunjwa wiki ile ile ya tathmini. Kijana wa Karema aliweka picha ya ziwa na kutuaga. Mama mkwe aliandika kwamba anawashukuru wanakikundi wote, akatoka.

Namba yake ninayo. Lakini mkwe hapigiwi simu hivihivi, wala haandikiwi. Kuongea kwetu kulihitaji watu katikati, tulikuwa nao wawili, na kuwapata ilikuwa bahati tu ya mkufunzi asiyejua mila zetu. Nikitaka kujua anavyoendelea na masomo namwuliza mke wangu, naye anauliza kwao, halafu ananiletea jibu. Anasema anaendelea vizuri.